Nilivyoitibu Honda CG125 ya zamani iliyokuwa ikivuja oili

Injini ya Honda CG125 inabeba oili takriban lita moja tu. Hiyo lita moja ndiyo inayolainisha pistoni, kupoza injini, na kuhudumia gia na klachi, maana vyote vinakaa ndani ya kasha moja. Ikipungua kikombe cha chai, umepoteza karibu robo ya kinga yote ya injini. Naanza na hesabu hii kwa sababu mtu akiona matone chini ya pikipiki ya zamani husema, "Hiyo kawaida, lazima itoe jasho." Niliambiwa hivyo na watu wengi, wengine ni wazoefu wa pikipiki kuliko mimi, na bado sikukubali.

Pikipiki niliachiwa na baba mdogo. Alikuwa bwana shamba, na ameizungukia vijiji vingi akiwa kazini. Alipostaafu akaiegesha stoo, ikakaa humo miaka kadhaa chini ya magunia. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mgeta, juu milimani Uluguru, na anayeijua barabara ya kupanda kutoka Mlali anajua kwa nini niliitaka. Usipokuwa na chombo chako unasubiri gari la mboga, na gari la mboga linaondoka kabeji zikishajaa.

Kwa bahati nzuri, ukitaka kujifunzia ufundi, hii ni pikipiki nzuri ya kuanza nayo. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976, wakiwalenga watu wanaoishi mbali na karakana. Vali zake zinasukumwa na fito, haina mnyororo wa ndani wa kukaza, na vitu vya kurekebisha ni vichache. Wachina wameinakili injini hiyo sana, na ndiyo maana spea nyingi za pikipiki za Kichina tulizozizoea mitaani zinaingia humo bila ugomvi.

Sasa uvujaji wenyewe. Baada ya kuiwasha na kuizungusha kidogo, sehemu yote ya chini ya injini ilikuwa imelowa: bolti ya kumwagia oili, stendi, mabomba ya fremu, hadi michirizi kwenye rimu ya nyuma. Hiyo michirizi ndiyo iliyonitia hofu. Tairi la nyuma likishika oili kwenye kona za Mgeta, na upande mmoja kuna bonde, hakuna ufundi wa kuendesha utakaokuokoa. Nilifuta tairi kwa maji ya sabuni, nikaiegesha, nikarudi kutembea kwa miguu mpaka nijue oili inatoka wapi.

Ushauri ulikuja bila kuombwa. Kijana mmoja pale kijiweni alisema ni gasketi ya bloku, ile karatasi inayoziba maungio ya silinda. Mwingine akasema kaza bolti zote, itakata yenyewe. Wa tatu akasema niweke oili nzito ya lori, haitapita kirahisi. Na kulikuwa na dalili za fundi aliyewahi kuishika zamani: silikoni nyekundu imepakwa kwa nje kuzunguka kava la kushoto, imekauka na kubanduka vipande vipande.

Nina jirani, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Nilimwendea jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia umeileta ile Honda ya bwana shamba."

"Nimeileta, lakini inavuja. Vijana wanasema ni gasketi ya bloku."

"Waliitazama ikiwa safi?"

"Hapana, ilikuwa imeloa yote."

"Basi hawajaiona bado. Kaioshe, ikauke kabisa, halafu uniite."

Kuosha kwenyewe kulichukua karibu siku nzima ya Jumamosi, na sasa naamini ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika kutibu mvujo. Niliziba mdomo wa ekzosi na mlango wa hewa kwa vitambaa. Nikapaka mafuta ya taa kwa brashi injini ikiwa imepoa, nikayaacha yalegeze tope la oili na vumbi, nikakwangua pembeni kwa kijiti, kisha nikaosha kwa maji na sabuni ya unga. Wengi hutumia petroli kwa kazi hii. Mimi siitumii karibu na nyumba, mvuke wake unafuata moto mbali kuliko watu wanavyodhani. Baadaye nikaiacha juani.

Ilipokauka, mzee alikuja na kopo la poda ya mtoto. Alinionyesha namna ya kuipuliza nyembamba upande wote wa kushoto wa injini, kwenye maungio ya bloku, chini ya shafti ya pedali ya gia na kuzunguka bolti ya kumwagia, mpaka injini ikawa nyeupe. Tukaisimamisha kwenye stendi kubwa, tukaiwasha, tukaiacha iungurume taratibu. Yeye akakaa kwenye kigoda. Mimi nilichutama nikitazama.

Oili ikitoka mahali haikai hapo. Inafuata mbavu za injini kwenda chini, na ukiwa barabarani upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo unapoiona inadondoka ni mwisho wa safari yake. Unachotafuta ni sehemu iliyolowa juu zaidi na mbele zaidi. Kwenye maungio ya bloku poda ilibaki kavu kabisa. Shafti ya pedali ya gia, kavu. Chini ya kava la sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo, poda ikaanza kugeuka rangi, ikawa kijivu, ikawa uji mweusi, na mstari ukashuka hadi kwenye bolti ya kumwagia ambayo watu wote walikuwa wakiilaumu.

Tuliizima, tukafungua kava hilo la sproketi. Nyuma ya sproketi kuna shafti inayotoka ndani ya gia, na pale inapopenya ukuta wa injini kuna sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoishika shafti. Chini ya shafti hiyo kulikuwa na kamstari kamoja ka oili safi, kanang'aa. Gasketi ya bloku haikuhusika. Kama ningefuata maneno ya kijiweni, ningefungua nusu ya injini kutibu kitu kisichoumwa.

Nilidhani sasa ni kwenda mjini kununua sili. Mzee akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Injini inapumulia wapi?"

Pistoni ikishuka, inaisukuma hewa iliyomo ndani ya kasha la injini. Ikipanda, inaivuta. Juu ya hapo, hata injini nzima hupitisha gesi kidogo kwenye ringi za pistoni. Hewa yote hiyo lazima iwe na njia ya kutokea, la sivyo presha inajengeka ndani na kuisukuma oili nje kupitia palipo dhaifu kuliko pote. Kwa kawaida palipo dhaifu ni mdomo wa sili iliyozeeka. Njia hiyo ni mpira mweusi wa kupumulia, unene wake kama kidole, unaotoka kwenye injini na kushuka nyuma. Haugusi kitu, haudondoshi kitu, na hakuna anayeukumbuka.

Niliuchomoa nikaupuliza kwa mdomo. Haukupitisha hata pumzi. Nikapitisha waya mrefu taratibu, na kilichoanza kutoka kilikuwa udongo mkavu wa rangi ya matofali, kisha vibuibui vidogo vilivyokauka, miguu imekunjwa. Nyigu wa udongo. Wanapenda tundu lolote lenye giza, wanajenga humo vyumba, wanajaza buibui kwa ajili ya watoto wao na kuziba. Miaka ile ya stoo walipata nyumba bora. Nililoweka mpira ule kwenye maji ya sabuni, nikausugua ndani, nikauanika hadi ulipopitisha hewa bila kizuizi.

Hapa ndipo naona watu wengi hupoteza fedha. Unabadilisha sili, inashika wiki kadhaa, inaanza tena, unasema sili ni feki. Inawezekana ni feki kweli, zimejaa. Lakini kama injini haipumui, hata sili bora kutoka Japani itashindwa. Presha ya namna hiyo huletwa pia na oili iliyojazwa kupita kiasi, na hilo lina ujanja wake kwenye Honda. Kijiti cha kupimia unakifuta, unakichomeka mpaka kikae juu ya nyuzi bila kukifunga, halafu unasoma. Ukikifunga kwa kukizungusha kinazama zaidi, kinakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Na pikipiki iwe imesimama wima kwenye sakafu tambarare, jambo ambalo huku kwetu kwenye miteremko si dogo. Mimi hupimia kwenye veranda ya ofisi ya walimu, ndiyo sehemu pekee iliyonyooka.

Mpira ulipokuwa safi niliiwasha tena. Mvujo ulipungua sana, nusu au zaidi, lakini haukukoma. Sili nayo ilikuwa imekufa. Mpira ukikaa miaka mingi kwenye joto hukakamaa kama plastiki na kupoteza ule mnepo wa kuifuata shafti inapozunguka.

Kufungua sproketi kulinifundisha subira. Kwanza nilipiga picha kwa simu, kila hatua, kabla ya kugusa kitu. Kisha nikachukua kipande cha boksi la katoni, nikachora umbo la kava, na kila skrubu niliyotoa nikaichomeka kwenye tundu lake palepale kwenye mchoro. Skrubu za kava hazilingani urefu. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, inagota mwisho wa tundu na kupasua alumini kabla kava halijabana.

Skrubu mbili zilikataa. Hizi pikipiki za Kijapani za zamani zina skrubu za nyota zilizotengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, ambacho kwa macho kinafanana na nyota tunazozijua lakini kina kina na pembe tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuila nyota, na ikishaliwa umebaki na kazi ya kuchimba. Mzee alikuwa na bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kwa nyuma inaizungusha skrubu huku inaikandamiza. Niliweka tone la mafuta, nikasubiri, nikaipiga mara moja ya uhakika. Ilitoa mlio mkavu, tak, ikalegea. Bisibisi hiyo ningeshauri mtu aiazime kabla ya kununua spea yoyote.

Sproketi yenyewe imeshikwa na bamba dogo na bolti mbili. Unaweka gia, mtu anakanyaga breki ya nyuma, unalegeza bolti, halafu unalegeza mnyororo kwa kurudisha tairi mbele. Unalizungusha bamba kidogo hadi meno yake yapishane na meno ya shafti, linatoka. Nyuma yake kulikuwa na tope zito la grisi ya mnyororo, mchanga na silikoni ya yule fundi wa zamani. Kwa hili la silikoni nina msimamo. Kuipaka kwa nje ya sili hakuzuii kitu, maana oili inapita kati ya mdomo na shafti inayozunguka, na hakuna gundi inayoshika kitu kinachozunguka. Na anayeipaka kwa wingi kwenye maungio anasahau kwamba kiasi kilekile kinachofutuka nje kinafutuka na ndani. Vipande vikikatika vinakwenda na oili mpaka kwenye vijitundu vya kuilainisha injini. Penye gasketi weka gasketi, na penye sili weka sili.

Kabla ya kutoa sili, niliishika shafti nikaitikisa juu na chini. Ingecheza, maana yake beringi imekwisha, na sili mpya ingekufa haraka kwa sababu shafti ingekuwa inaiyumbisha. Ilikuwa imara. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi ndio huua beringi hiyo, kwani unaivuta shafti muda wote. Vijana wengi wa boda hukaza mnyororo hadi ulie, wakidhani ndiyo usalama. Uache ucheze takriban sentimita 2 katikati, upande wa chini.

Kuna pikipiki ambazo sili hii ina ukingo uliobanwa kati ya pande mbili za injini, na haitoki mpaka injini ipasuliwe. Chunguza kwanza kabla ya kuchokonoa. Yangu ilitoka kwa nje. Nilitoboa kitundu kwenye uso wake kwa msumari mdogo, mbali na shafti, nikazungushia skrubu ya mbao kidogo tu, nikaivuta kwa koleo. Ikatoka nzima. Kuichokoa kwa bisibisi bapa ni haraka zaidi, lakini mkwaruzo mmoja kwenye shafti au kwenye ukuta wa tundu unakuwa njia mpya ya oili, na hiyo haina spea.

Kisha nikapitisha ukucha juu ya shafti. Ulinasa. Mdomo wa sili ya zamani ulikuwa umechimba kamfereji kembamba kuizunguka shafti, hakaonekani vizuri kwa macho ila ukucha unakasikia. Mzee alinielekeza kwamba sili mpya nisiizamishe mpaka mwisho, niiache mbele kwa unene wa kadi ya simu hivi, ili mdomo wake ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa. Kwangu hili lilikuwa la thamani kuliko yote niliyojifunza. Silioni likitajwa, na naamini sili nyingi zinazorudiarudia kuvuja zinavuja kwa sababu ya kamfereji kale.

Mjini Morogoro niliibeba sili ya zamani mfukoni. Usiende kutaja jina la pikipiki tu. Kwenye uso wa sili kuna namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Duka la kwanza walinipa iliyotofautiana unene wakasema itaingia tu. Niliiacha. Duka la pili walikuwa nayo ya namba zilezile, nikaipinda kidogo kwa vidole: mdomo laini, kaspiringi kadogo kanazunguka kwa ndani, hakuna nyufa. Nikanunua na washa mpya ya bolti ya kumwagia oili, na oili yenyewe. Kuhusu oili, yule wa kijiweni aliyesema ya lori ningependa ayasikie haya. Klachi ya CG inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina vilainishi vinavyoifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, kipimo ambacho Wajapani waliweka kwa ajili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Na oili nzito haizibi mvujo, inachelewa tu kupanda juu asubuhi ya baridi, na Mgeta mwezi wa saba baridi ni ya kweli.

Kufunga kulikwenda haraka kuliko nilivyotegemea. Nilifuta tundu likawa kavu. Nikazungushia seloteipu kwenye meno ya shafti, maana yana ncha kali na yanaweza kuupasua mdomo wa sili wakati inapita. Nikapaka oili kwenye mdomo. Upande wenye spiringi unatazama ndani, kwenye oili. Ukigeuza, presha inaufungua mdomo badala ya kuubana. Nikaisukuma kwa boksi ya spana yenye upana unaolingana na sili, nikigonga kidogokidogo kwa kuzunguka, na kupima kwa jicho kwamba imeingia sawa pande zote. Nikaiacha pale mzee aliposema. Seloteipu ikatoka.

Bolti ndogo za kava nilizikaza kwa spana fupi, kwa kupishana kona na kona, nguvu ya kiganja tu. Alumini ikiliwa meno hutaisamehe siku hiyo, na bolti iliyokazwa kwa hasira haizibi kuliko iliyokazwa kwa kiasi.

Oili chafu niliikinga kwenye beseni. Hapa kwetu maji ya mfereji yanashuka kutoka shamba la juu kwenda la chini, ngazi hadi ngazi, na kuna karoti na maharage ya watu njia nzima. Sikumwaga hata tone. Mzee aliichukua kupaka nguzo za banda lake, kwa ajili ya mchwa.

Nikaijaza, nikapuliza poda upya, nikaiacha iungurume. Nyeupe. Nikateremka nayo hadi Mlali na kupanda tena, injini ikiwa imechemka vizuri, nikachutama na tochi ya simu. Poda chini ya sproketi ilikuwa imeshika vumbi la barabara, lakini kavu. Tangu hapo kila Ijumaa naufuta upande ule kwa kitambaa cheupe na kupima oili kwenye veranda, na kijiti kinarudi na alama ileile. Mdomo wa mpira wa kupumulia nimeufunga wavu mwembamba wa chandarua kwa waya, hewa inapita na nyigu wamekoma.

Vijana wawili wa kijiweni wameshaniletea pikipiki zao tuzioshe pamoja. Moja ilikuwa ni washa ya bolti ya kumwagia, imeminywa hadi ikawa bapa kama karatasi. Nyingine hatujaimaliza. Na ya kwangu, kava la vali juu limeanza kulowa kidogo pembeni, upande wa kulia. Gasketi yake ninayo tayari, ya namba sahihi, na likizo ya Juni nitalifungua.